Kujua Kinachopita Juu: Matumizi ya Programu za Kufuatilia Setilaiti

Mada iliyowasilishwa kwa wakazi wa kata, inachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni, nchi jirani ya Kenya, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka angani. Kipenyo chake kilikuwa mita 2.5 hivi, na uzito wake kilo 500 hivi. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyejeruhiwa. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likalizingira eneo, na baada ya uchunguzi wa awali likaeleza kwamba pete hiyo ilikuwa sehemu ya roketi, ya aina ambayo kwa kawaida huteketea angani au huangukia baharini.

Tukio kama hilo ni nadra sana. Lakini lilifunua jambo ambalo si nadra: juu ya kila kijiji, usiku na mchana, hupita vyombo vilivyotengenezwa na binadamu, na watu wengi wanaoishi chini yake hawajawahi kuelezwa ni vitu gani, vinapita lini na vinakwenda wapi. Tangu mwezi Mei 2019, kampuni ya SpaceX iliporusha setilaiti zake 60 za kwanza za Starlink kwa pamoja, watu wa nchi nyingi wameona jioni msururu wa taa zilizofuatana kama shanga katika uzi, zikipita kimya bila moshi wala mngurumo. Palipokosekana maelezo, maneno ya mitaani yalijaza nafasi. Wengine walisema ni vita, wengine walisema ni dalili ya mwisho wa dunia. Na penye hofu hakosi kutokea mtu wa kuiuza: huyu anauza kinga, yule anauza utabiri.

Dawa ya hofu ya namna hiyo ni ratiba. Chombo ambacho mtu alijua tangu asubuhi kwamba kitapita saa fulani, upande fulani, hakimtishi kinapopita. Mada hii inaeleza jinsi mkazi yeyote mwenye simu janja, au anayeweza kuifikia kompyuta ya shule, anavyoweza kujipatia ratiba hiyo bila gharama kubwa.

Kinachoonekana angani

Kwanza ni vema kutofautisha vitu. Ndege huwa na taa nyekundu na kijani, na nyingine inayomweka. Mara nyingi sauti yake hufuata. Kimondo hupita kwa sekunde moja au mbili kisha huzimika. Setilaiti hufanana na nyota inayotembea: mwanga wake ni mweupe, mwendo wake ni mtulivu, haina sauti, na huchukua dakika kadhaa kuvuka anga. Baadhi ya mabaki ya roketi hujipindua yanapokwenda, na kwa sababu hiyo nuru yake huongezeka na kupungua.

Setilaiti haina taa inayoonekana kutoka ardhini. Kinachoonekana ni nuru ya jua inayoakisiwa na mwili wake. Ndiyo sababu setilaiti nyingi za karibu huonekana mara baada ya magharibi au kabla ya mapambazuko: mtazamaji yumo gizani, lakini kule juu jua bado linamulika. Usiku wa manane vyombo hivyo huendelea kupita, ila huwa ndani ya kivuli cha dunia.

Kinachong'aa kuliko vyote ni Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Sehemu yake ya kwanza ilirushwa mwezi Novemba 1998, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kukosa watu ndani yake. Kiko kilomita zipatazo 400 juu ya ardhi, huenda kwa kasi ya takriban kilomita 28,000 kwa saa, na huizunguka dunia kwa dakika 90 na kidogo. Kinapopita karibu na utosi, nuru yake hukaribia ile ya Zuhura. Hakihitaji darubini, macho matupu yanatosha, hata mjini penye taa.

Zipo pia setilaiti ambazo kwa mtu aliye ardhini hazisogei kabisa. Hizo ziko juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na huzunguka kwa mwendo uleule wa dunia. Dishi la televisheni lililofungwa juu ya bati halihitaji kugeuzwa kila saa kwa sababu limeelekezwa kwenye setilaiti ya aina hii. Picha za mawingu zinazotumika katika utabiri wa hali ya hewa hutoka kwa setilaiti hizo zisizosogea na kwa nyingine zinazopita chini zaidi, kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine.

Jinsi programu inavyokokotoa

Mwaka 1957, Umoja wa Kisovieti uliporusha Sputnik 1, sehemu ya kazi ya kuifuatilia ilifanywa na macho ya watu. Nchini Marekani mwanaastronomia Fred Whipple alikuwa amekwisha kuandaa mpango ulioitwa Moonwatch. Wananchi wa kujitolea katika nchi mbalimbali, wakiwemo walimu na wanafunzi, waliketi wamejipanga na darubini ndogo, kila mmoja akilinda kipande chake cha anga, wakaandika muda ambao chombo kilipita. Kutokana na muda huo na mahali walipokuwa, wataalamu walikokotoa njia yake.

Leo hesabu hiyo hufanywa na programu kwa sekunde chache, lakini msingi ni uleule. Njia ya kila setilaiti huelezwa kwa namba chache: mwinamo wake kutoka ikweta, umbo la mzingo wake, mizunguko yake kwa siku, na mahali ilipokuwa katika saa iliyotajwa. Namba hizo huandikwa katika mistari miwili, kila mstari ukiwa na nafasi 69 za herufi na tarakimu. Rada na darubini za jeshi la Marekani huendelea kupima, na mistari mipya hutolewa kwa umma. Tovuti ya CelesTrak, iliyoanzishwa na T. S. Kelso, imeisambaza bure kwa miaka mingi. Programu huichukua mistari hiyo, huongeza mahali alipo mtazamaji na saa yake, kisha hutoa jibu.

Namba hizo huchakaa. Hata katika kilomita 400 juu bado kuna hewa nyembamba sana inayokikokota chombo na kukishusha kidogo kidogo, na mara kwa mara injini huwashwa ili kukipandisha. Kwa hiyo namba za Kituo cha Kimataifa zilizokaa wiki kadhaa hazifai kuaminiwa. Zinapaswa kuhuishwa kila baada ya siku chache. Mafaili yenyewe ni madogo, na hayamalizi bando.

Kuandaa simu au kompyuta

Ziko programu nyingi za bure. Gpredict hufanya kazi kwenye kompyuta, na Look4Sat kwenye simu za Android. Zote mbili zikishapakua namba huweza kukokotoa bila intaneti. Stellarium huchora anga lote, nyota na setilaiti pamoja, na humsaidia mwanafunzi kuona chombo kitapita karibu na nyota ipi. Tovuti ya Heavens-Above hutoa ratiba pamoja na ramani ya anga. Programu yoyote kati ya hizo itakayochaguliwa, mambo matatu hayana budi kuwekwa sawasawa.

La kwanza ni mahali. Si lazima kuweka nyumba ya mtu. Kosa la kilomita chache halibadilishi sana jibu, hivyo makao makuu ya kata yanatosha kwa kata nzima. Lakini alama ya kusini ni lazima. Tanzania iko kusini mwa ikweta, na programu nyingi hutaka alama ya kutoa mbele ya namba ya latitudo. Mtu wa Dodoma akiandika 6.2 badala ya -6.2, programu itamhesabu kuwa yuko kusini mwa Ethiopia, na ratiba atakayopewa haitakuwa yake.

La pili ni saa. Chombo kinakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa kila sekunde. Saa iliyochelewa dakika moja ina maana kwamba chombo kimekwisha kusogea zaidi ya kilomita 450. Inafaa simu iachwe ijirekebishe yenyewe kwa mtandao.

La tatu, na ndilo linalowapoteza wengi, ni namna ya kuihesabu saa. Programu nyingi hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu, na huhesabu kuanzia usiku wa manane. Mkazi huhesabu kuanzia alfajiri na kuanzia magharibi. Programu ikiandika 16:35 kwa saa ya dunia, asiyejua atatoka nje saa kumi na nusu jioni, jua likiwaka, ataangalia juu asione kitu, na atasema kifaa ni cha uongo. Hesabu sahihi ni hii: 16:35 ongeza saa tatu, ni 19:35, yaani saa moja na dakika 35 usiku. Njia ya mkato ni kuiweka programu itumie saa ya hapa nchini, kisha kukumbuka kwamba 19:00 ni saa moja usiku, 20:00 ni saa mbili, na 05:00 ni saa kumi na moja alfajiri.

Kusoma ratiba

Ratiba ya kila mpito huwa na mambo manne: saa ya kuibuka, saa ya kufika juu zaidi, saa ya kutoweka, na pande za anga. Upande hutolewa kwa nyuzi kuanzia kaskazini kuzungukia mashariki: kaskazini ni 0, mashariki ni 90, kusini ni 180, magharibi ni 270. Kimo hutolewa kwa nyuzi kutoka upeo wa macho, ambao ni 0, hadi utosini, ambako ni 90. Asiye na kipimo anyooshe mkono mbele na kukunja ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni karibu nyuzi 10.

Uchukuliwe mfano wa jioni moja ambayo jua limezama saa 12:40. Ratiba inasema: kuibuka saa 1:35 usiku, upande wa 211, kimo 10, kufika juu zaidi saa 1:38, kimo 60, upande wa kusini-mashariki, kutoweka saa 1:40, upande wa 58, kimo 26. Maana yake, mtazamaji aelekee kati ya kusini na kusini-magharibi, ngumi moja juu ya upeo wa macho. Nuru itapanda ikielekea kushoto kwake, itapita juu upande wa kusini-mashariki ngumi sita kutoka chini, kisha itateremkia upande wa mashariki na kaskazini-mashariki. Kabla ya kufika chini itafifia na kupotea katika anga safi, ingawa hakuna wingu. Hapo chombo kimeingia katika kivuli cha dunia, na watu waliomo ndani yake wamemaliza jioni yao.

Safu moja zaidi katika ratiba huhusu mng'ao. Namba ndogo ni nuru kubwa. Namba yenye alama ya kutoa ni nuru kubwa zaidi. Anayeanza achague mipito yenye mng'ao wa chini ya -2 na kimo cha juu zaidi ya nyuzi 40. Mipito ya chini mno huzibwa na milima, miembe na mapaa ya nyumba.

Isimshangaze mtu akikosa mpito mzuri kwa siku kadhaa mfululizo. Kituo kinapomaliza mzunguko mmoja, dunia nayo imejizungusha nyuzi 23 hivi kuelekea mashariki, kwa hiyo mpito unaofuata huangukia takriban kilomita 2,500 magharibi. Isitoshe, katika nchi za karibu na ikweta jua huzama wima na giza huingia haraka. Kwa chombo cha kimo hicho kinachopita utosini, muda wa kuonekana huisha kama saa moja na dakika 20 baada ya jua kuzama. Dirisha ni fupi, na ndiyo sababu ratiba ina thamani.

Kutoka nje na kutazama

Mtazamaji atoke dakika kumi kabla, ili macho yazoee giza, na asiendelee kuitazama simu yenye mwanga mkali. Achague uwanja usio na taa karibu. Watoto waende na mtu mzima, na wote waangalie ardhi kwanza kabla ya kuangalia mbingu, kwa kuwa nyoka na mashimo havimo katika ratiba. Hakuna anayepaswa kutazama kwa darubini upande wa jua wakati jua bado liko juu.

Daftari ni muhimu kuliko simu. Iandikwe tarehe, mahali, saa iliyotabiriwa, saa iliyoonekana, upande na hali ya mawingu. Ikiwa tofauti ni sekunde chache, mambo ni sawa. Ikiwa ni dakika nzima, ikaguliwe saa, kisha alama ya latitudo, kisha tarehe ya namba zilizopakuliwa. Mwanafunzi anayefanya hivyo kwa mwezi mmoja atakuwa amejifunza pembe, kasi, majira na uaminifu wa vipimo, bila maabara.

Wenye hamu ya kuendelea watakuta kwamba ratiba hiyohiyo huwasaidia wanaosikiliza redio, kwa kuwa baadhi ya setilaiti za hali ya hewa hutuma picha kwa masafa ya karibu na megahezi 137, na antena rahisi ya nyaya mbili huweza kuzipokea chombo kinapokuwa juu ya upeo wa macho. Kabla ya kununua chombo chochote cha redio, taratibu ziulizwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Na kurusha mawimbi bila leseni hakuruhusiwi.

Mipaka ya programu

Uaminifu unadai kusema pia kile ambacho programu haiwezi. Haiwezi kuona mawingu. Haionyeshi kila kitu kilichoko juu. Setilaiti zilizorushwa siku mbili tatu zilizopita huenda namba zake hazijatulia, na ndizo hasa zinazoonekana kama msururu kabla hazijapanda na kutawanyika. Na haiwezi kumwambia mkazi kwamba kipande cha chuma kitaangukia shamba lake. Kitu kinachoshuka huzunguka dunia nzima kwa saa moja na nusu, hivyo kosa dogo la muda ni kosa la maelfu ya kilomita. Yeyote anayedai kutaja kijiji kitakachoangukiwa, kwa simu au kwa ramli, asisikilizwe na asilipwe.

Endapo kitu kisichofahamika kitaanguka, wakazi wafanye mambo manne. Wakae mbali, kwa kuwa kinaweza kuwa na moto, makali au kemikali. Wawazuie watoto na mifugo. Wasikikate wala kukiuza kama chuma chakavu. Watoe taarifa mara moja kwa Mwenyekiti wa Kitongoji au Mtendaji wa Kijiji, na kwa Polisi. Saa ya kuanguka iandikwe, na picha ipigwe kutoka mbali. Maelezo hayo huwasaidia wachunguzi kujua ni chombo gani, na mwenye mali aliyeharibiwa huhitaji ushahidi kuliko mtu mwingine yeyote. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaiweka dhamana ya hasara itokanayo na vyombo vya anga juu ya nchi iliyovirusha. Madai hayo hupitia serikali, na serikali huanza na taarifa ya mkazi.

Ratiba kwenye ubao

Si kila nyumba ina simu janja, wala si lazima iwe nayo. Mtu mmoja katika kijiji anatosha: mwalimu, Mtendaji au kijana anayeaminika. Kila Jumatatu huhuisha namba, huchagua mipito miwili au mitatu iliyo bora, huigeuza kuwa saa ya Kiswahili, na huiandika kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji au shule. Mstari mmoja unatosha: siku, saa, upande wa kutokea, upande wa kupotelea. Jioni ile taa zikipita, mtoto aliyesoma ubao atamtangulia hata babu yake kusema ni kitu gani.

Kuangalia mbingu kwa manufaa si jambo geni. Wazee walijua msimu wa kulima kwa kukitazama Kilimia, na mabaharia wa pwani walishika njia kwa nyota. Hawakuwa na mitambo. Walikuwa na subira, kumbukumbu na mazoea ya kutazama kitu kilekile tena na tena. Programu za leo zinaleta hesabu. Subira na kumbukumbu bado ni za mkazi mwenyewe.